Charger R/T ya 1970: kibati kinasomwa kuanzia chini, ila usiishie hapo

Mkuu, umeuliza kama ile Dodge Charger ya 1970 inayouzwa Missouri ni R/T ya kweli, yaani lile toleo la Charger lenye nguvu zaidi, kwa kuwa muuzaji amekutumia picha ya kibati cha kiwandani. Nafanya kazi ya bodi kwenye gereji hapa Ohio na magari haya nayapenda sana, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Kibati hicho hukaa chini ya boneti, juu ya madigadi ya ndani upande wa dereva. Kinasomwa kutoka mstari wa chini kwenda juu. Wengi huanzia juu, ndiyo maana wanaona fujo tupu. Mstari wako wa chini una E86, yaani injini ya 440, lita 7.2, kabureta moja ya midomo minne, nguvu za farasi 375. D32 ni gia otomatiki ya kazi nzito. Kisha inafuata chasisi namba: X ni Charger, S ni daraja la R/T, 29 ni bodi ya milango miwili, U ni injini hiyohiyo ya 440, 0 ni modeli ya 1970, G ni kiwanda cha St. Louis, halafu tarakimu sita za mfululizo. E86 na U lazima zikubaliane. Ingekuwa na injini nyingine, Hemi ya 426, ungeona E74 na R.

Mstari unaofuata, EV2 ni rangi, ile Hemi Orange. X9 kwenye kodi (code) ya viti ni nyeusi. C05 ni tarehe iliyopangwa gari liundwe: Januari hadi Septemba huandikwa kwa tarakimu, Oktoba ni A, Novemba B, Desemba C. Kwa hiyo ni tarehe 5 Desemba 1969, maana modeli za 1970 zilianza kuundwa mwaka ukiwa bado haujafika. Huko juu ni vikorombwezo, mfano V1X, paa la vinaili jeusi.

Sasa sikiliza vizuri. Kibati hicho kimeshikwa na skrubu mbili tu, na vibati vipya vinachapwa kwa oda, kodi unazotaka wewe. Mwenye Pontiac ana nafuu, anaomba nakala za kumbukumbu za kiwanda kutoka PHS, huduma inayotunza kumbukumbu za Pontiac. Kwa Chrysler, kampuni mama ya Dodge, kumbukumbu za magari ya Marekani zinaishia modeli ya 1967. Wewe shahidi wako ni chuma chenyewe.

Anza na chasisi namba ya kwenye dashibodi, ile inayoonekana kupitia kioo cha mbele. Charger ina heri hapa, kwa sababu R/T imo ndani ya namba: XS29. Chevrolet Chevelle SS ya mwaka huohuo haina bahati hiyo, namba yake haitofautishi SS, toleo la nguvu, na Malibu ya kawaida ya V8. Ukikuta XH29 au XP29, hiyo si R/T, hata kama imepigwa mistari yote.

Halafu tafuta mhuri uliogongwa kwenye bodi. Unaanza na 0G, kisha zile tarakimu sita. Upo kwenye chuma kinachoshika rejeta, na kwenye mfereji wa buti, chini ya mpira. Futa rangi taratibu kwa dawa. Msasa wa mashine utaula mhuri. Tuliwahi kuletewa Charger yenye kibati kizuri kabisa cha E86, tulipovua mpira wa buti tukakuta tarakimu za gari jingine. Mwenyewe alikuwa ameshalipa.

Injini na giaboksi navyo vina mhuri huo. Kwenye 440 angalia chini, karibu na ukingo wa sampo. Kama injini imebadilishwa, bei inashuka lakini gari linabaki R/T. Bodi isipolingana na dashibodi, mimi nisingelinunua kwa bei yoyote, kwa sababu hapo kuna suala la sheria pia.

Mwambie muuzaji anyanyue siti ya nyuma. Karatasi ya kiwandani yenye kodi zote mara nyingi ilibaki kwenye springi zake, na ikiwepo ina uzito kuliko kibati. Akikutumia picha ya mhuri wa rejeta na wa buti, ziweke hapa tuziangalie kabla hujatuma hata dola ya kishika uchumba.