Maswali na Majibu: Kupigania Kadi ya Gofu ya Kulipwa Chini ya Jua Kali

Barua nilizopokea safari hii zinazunguka jambo moja, nalo ni mashindano ya kufuzu gofu ya kulipwa yanapochezwa mahali penye joto kali. Nitazijibu moja baada ya nyingine. Imani yangu, ambayo msomaji ataiona katika karibu kila jibu, ni kwamba joto humnyang'anya mchezaji uamuzi wake mapema kuliko linavyomnyang'anya nguvu zake, na kwamba wengi wanaorudi bila kadi, yaani haki ya kucheza katika mzunguko wa mashindano ya kulipwa, hawakuzidiwa kwa ufundi.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimecheza gofu ya ridhaa kwa miaka mingi na jua nimelizoea. Kuna haja gani ya kujiandaa upya kwa ajili ya mashindano ya kufuzu?

Marahaba. Haja ipo, kwa sababu ya wingi wa siku na uchache wa nafasi. Hatua ya mwisho ya kufuzu kwa DP World Tour, mzunguko wa kulipwa wa Ulaya, ambayo kwa miaka ya karibuni imechezwa katika viwanja vya Infinitum, karibu na Tarragona nchini Hispania, ina raundi 6, yaani mashimo 108, kwa wale wanaovuka mchujo wa baada ya raundi ya nne. Ile ya Asian Tour, mzunguko wa Asia, inayofanyika Hua Hin nchini Thailand, ina raundi 5. PGA Tour, mzunguko wa Marekani, iliporudisha mwaka 2023 utaratibu wa kutoa kadi moja kwa moja kupitia mashindano haya, raundi za mwisho zilikuwa 4 na nafasi zilitengwa kwa watano wa kwanza pamoja na waliofungana nao.

Wewe umezoea kucheza siku moja ya jua kisha ukapumzika. Katika kufuzu, mwili uliopoteza lita mbili za maji siku ya kwanza na kurudishiwa moja huamka siku ya pili ukiwa na deni, na deni hilo hukua kimyakimya mpaka siku ya nne, ambapo mchezaji anasimama kwenye tii, yaani mahali pa kuanzia, ya shimo la 15 na kuchagua fimbo ambayo asingeichagua kamwe akiwa mzima. Pengo kati ya kupata kadi na kuikosa mara nyingi huwa mkwaju mmoja.

Swali: Je, ni kutembea ndiko kunakomchosha mchezaji? Na kwa nini tusiruhusiwe kupanda vigari?

Swali hili liliwahi kufikishwa mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani. Casey Martin, mchezaji mwenye ugonjwa wa mzunguko wa damu uliomharibu mguu, alishiriki mashindano ya kufuzu ya PGA Tour mwaka 1997. Wakati huo vigari viliruhusiwa katika hatua mbili za mwanzo na kukatazwa katika hatua ya tatu, naye akaomba aruhusiwe kuendelea kukitumia. PGA Tour ilikataa kwa hoja kwamba uchovu wa kutembea ni sehemu ya mchezo wenyewe. Tarehe 29 Mei 2001 mahakama ilimpa Martin ushindi kwa kura 7 dhidi ya 2, na katika maelezo yake ilirejelea ushahidi wa mtaalamu aliyekadiria kwamba kutembea uwanja mzima, takriban maili 5, hutumia kalori zipatazo 500 tu, tena kwa muda wa saa tano zenye mapumziko mengi. Mtaalamu huyo alieleza pia kwamba hata katika joto kali na unyevunyevu mwingi, kisababishi kikuu cha uchovu ni upotevu wa maji mwilini, wala si mwendo.

Ningependa kila anayejiandaa kufuzu ayaweke moyoni maelezo hayo. Nimewaona vijana wakikimbia kilomita nyingi kila alfajiri ili wapate pumzi ya kutembea mashimo 18, ilhali hawajawahi hata mara moja kupima ni kiasi gani cha maji wanachopoteza katika mashimo hayo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Ken Venturi, mchezaji wa Marekani. Tarehe 20 Juni 1964, katika mashindano makubwa ya US Open yaliyochezwa kwenye klabu ya Congressional, karibu na Washington, wachezaji walitakiwa kumaliza mashimo 36 siku hiyohiyo, huku joto likikaribia nyuzi 38 za Selsiasi. Venturi alipiga 66 asubuhi, kisha akalazimika kulala chini katika chumba cha wachezaji, na daktari akamshauri asiendelee kwa kuwa maisha yake yalikuwa hatarini. Aliendelea, daktari akifuatana naye uwanjani, akapiga 70 na kushinda kwa mikwaju 4. Kuanzia mwaka 1965 mashindano hayo yakapangwa kwa siku nne, raundi moja kila siku. Watu wengi husimulia kisa hiki kama fundisho la ujasiri. Mimi hukisoma kama ushahidi kwamba ratiba ile ilikuwa ya hatari na kwamba waandaaji wenyewe waliiacha, na simshauri mchezaji yeyote apuuze neno la daktari kwa kumtolea mfano Venturi.

Kuhusu vigari, kanuni za gofu zenyewe hazivikatazi. Ni waandaaji wa kila shindano wanaoweka sharti la kutembea. Soma masharti ya shindano lako kabla hujalipa ada.

Swali: Ninaishi mahali pa baridi. Nifike siku ngapi kabla ya mashindano?

Ukiweza, siku 10 hadi 14. Mwili huhitaji kati ya siku 7 na 14 kulizoea joto. Katika siku za mwanzo majimaji ya damu huongezeka, hivyo moyo hupiga taratibu zaidi kwa kazi ileile. Baadaye jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi zaidi, huku likibeba chumvi kidogo kuliko awali. Usijitupe juani kwa saa tano siku ya kwanza. Anza na saa moja au saa moja na nusu kila siku, kisha ongeza. Ukiwa huna uwezo wa kufika mapema, fanya mazoezi nyumbani ukiwa umevaa nguo nzito au katika chumba chenye joto, lakini pawepo mtu wa kukuangalia. Tena usifanye maandalizi haya miezi miwili kabla na kudhani yatadumu, kwani mwili ukikaa wiki chache bila joto huyasahau mazoea hayo.

Swali: Ninywe maji kiasi gani wakati wa raundi?

Hakuna kiasi kinachomfaa kila mtu, na anayekutajia idadi moja ya chupa bila kukuona ukicheza anabahatisha. Watu wawili wenye uzito sawa, wakitembea kundi moja chini ya jua moja, wanaweza kutofautiana maradufu kwa jasho. Kwa hiyo jipime. Pima uzito ukiwa huna nguo kabla ya raundi ya mazoezi, andika kiasi cha maji unayokunywa uwanjani, jifute jasho ukimaliza, kisha pima tena. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya maji uliyopoteza bila kuirudisha. Rudia zoezi hilo siku mbili au tatu, asubuhi na mchana, kwa maana hujui utapangiwa kuanza saa ngapi.

Lengo ni kutopoteza zaidi ya asilimia 2 ya uzito wako. Kwa mtu wa kilo 75 hiyo ni kilo moja na nusu. Zaidi ya hapo umakini hupungua, na mchezaji mwenyewe ndiye wa mwisho kulitambua hilo. Anza raundi ukiwa umeshakunywa: mililita 5 hadi 7 kwa kila kilo ya uzito, muda wa saa nne hivi kabla ya mkwaju wa kwanza, ni kiasi cha kuanzia kinachofaa watu wengi, na kinakuachia muda wa kwenda haja. Uwanjani, kunywa kidogo kidogo katika kila tii badala ya kusubiri kiu na kumaliza chupa nzima kwa mkupuo.

Ipo hatari ya upande wa pili ambayo haizungumzwi vya kutosha. Ukipima na kukuta uzito umeongezeka baada ya raundi, umekunywa kupita kiasi, na maji matupu yakizidi sana huifanya chumvi ya damu ishuke hadi mtu kuumwa kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa, hata kupoteza maisha. Ndiyo sababu katika raundi ndefu za joto ni vyema sehemu ya kinywaji iwe na chumvi, hasa kwa mtu ambaye jasho lake huacha michirizi myeupe kwenye kofia. Vidonge vya chumvi, kama alivyopewa Venturi siku ile ya 1964, visiwe mazoea yako bila ushauri wa daktari.

Swali: Nitambebea kaka yangu mfuko katika hatua ya kwanza. Je, ninaruhusiwa kumkinga na jua kwa mwavuli?

Unaruhusiwa wakati mnatembea na wakati anapojiandaa, lakini si wakati anapopiga. Kanuni ya 10.2 inakataza mchezaji kupiga mpira huku kedi wake (mbeba mfuko wa fimbo), mtu mwingine au kitu chochote kikiwa kimewekwa kwa makusudi ili kumkinga na jua, mvua au upepo, na adhabu yake ni mikwaju miwili. Yeye mwenyewe anaweza kujishikia mwavuli akipenda, jambo ambalo huonekana mara chache katika pati fupi, yaani mkwaju mdogo wa kuusukuma mpira shimoni. Basi jizoeze kuondoka mapema na mwavuli wako, kila mara, hata katika mazoezi, kwani kosa hili hufanywa na kedi mwema aliyesahau hatua moja tu.

Beba taulo mbili, moja iliyoloweshwa kwa ajili ya shingo na mikono yake na nyingine kavu kwa ajili ya mishiko ya fimbo, pamoja na glovu kadhaa za kubadilisha. Poda ya kukausha mikono inaruhusiwa. Kipimajoto na kipima unyevunyevu pia vinaruhusiwa, ila si chombo cha kupimia kasi ya upepo.

Sasa nikuambie lililo zito zaidi. Wewe ndiwe utakayeona dalili kabla yake. Akianza kuumwa kichwa, kusikia kichefuchefu au kizunguzungu, akawa na jasho jingi huku ngozi imepauka, huo ni uchovu wa joto: mwite mwamuzi. Maelezo rasmi ya kanuni yanautaja uchovu wa joto kwa jina, na yanaelekeza kwamba mchezaji aliyeugua kwa kawaida apewe hadi dakika 15 za kupata nafuu kabla ya kuhesabiwa kuwa anachelewesha mchezo. Wachezaji wengi hawajui kwamba nafasi hiyo ipo, wakaendelea kujikokota na kupoteza mikwaju minne katika mashimo mawili. Lakini akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, akapepesuka au akashindwa kukumbuka yuko shimo la ngapi, hicho ni kiharusi cha joto na raundi imekwisha. Ita msaada wa dharura, mlaze kivulini, mmwagie maji baridi mwili mzima papo hapo, wala usingoje gari la wagonjwa lifike ndipo uanze. Na wewe unayebeba mfuko unapata joto zaidi yake, kwa hiyo kunywa anapokunywa. Ukishindwa kuendelea, kanuni zinamruhusu kubadilisha kedi katikati ya raundi.

Swali: Ni kweli kwamba mpira huenda mbali zaidi kwenye joto? Je, niiache mipira yangu juani?

Ni kweli. Hewa ya moto ni nyepesi, na mpira wenye joto huruka vizuri zaidi kutoka kwenye fimbo; kwa mkwaju wa fimbo ya chuma cha kati tarajia yadi moja au mbili zaidi kwa kila nyongeza ya nyuzi 5 au 6 za Selsiasi. Maana yake ni kwamba vipimo vya umbali wa kila fimbo ulivyoandika ukifanya mazoezi alfajiri havitakufaa saa nane mchana. Andika safu mbili, ya alfajiri na ya mchana. Wengi hudhani hewa yenye unyevunyevu ni nzito, kumbe mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, ingawa tofauti yake ni ndogo mno kukubadilishia fimbo.

Kuhusu kuiacha mipira juani, usifanye. Kanuni ya 4.2 inakataza kupiga mpira ambao umebadilishwa utendaji wake kwa makusudi, na kuupasha joto kumetajwa waziwazi. Adhabu si mikwaju, ni kuondolewa mashindanoni.

Ukiwa kwenye grini (eneo la nyasi fupi lenye tundu la shimo) za nyasi za Bermuda, ambazo ndizo hustawi kwenye joto, tazama ulalo wa nyasi. Upande unaong'aa nyasi zimelala kuelekea mbele yako na mpira utakimbia. Upande wa rangi iliyokolea zimekuelekea wewe na mpira utasita.

Swali: Je, naweza kuvaa kaptula?

Soma masharti ya shindano. PGA Tour iliruhusu kaptula mwaka 2019, lakini kwa siku za mazoezi na za kucheza na wageni tu. Chagua suruali nyepesi ya rangi isiyokolea, na ifanyie mazoezi kabla.

Swali: Mwanangu alipiga vizuri, akaondolewa kwa kosa la kadi ya matokeo. Alisema alikuwa amechoka na jua. Afanye nini mwaka ujao?

Pole sana, mama. Kosa hili linaniuma kuliko mengine yote, maana hutokea wakati kazi imeshakamilika. Mchezaji akisaini kadi yenye idadi ndogo kuliko aliyopiga katika shimo lolote, anaondolewa. Akisaini idadi kubwa, inabaki hivyohivyo. Katika mashindano makubwa ya Masters ya mwaka 1968, Roberto De Vicenzo alipiga 3 katika shimo la 17, lakini aliyemwandikia kadi aliweka 4, naye akasaini. Mkwaju ule mmoja ulimnyima nafasi ya kufungana na Bob Goalby na kurudiana naye, ingawa mamilioni walikuwa wamemwona akiutumbukiza mpira.

Mwambie mwanao hivi. Akitoka shimo la 18 asiishike kalamu. Aketi kivulini, anywe, aweke taulo baridi shingoni hadi mapigo ya moyo yatulie. Kisha amwombe anayeshughulikia kadi amsomee kwa sauti shimo baada ya shimo, kuanzia la kwanza, huku yeye akifuata katika kumbukumbu zake mwenyewe, na asisaini mpaka idadi zote 18 ziwe zimelingana.