Core i7 ya kizazi cha nne haimfai mwanafunzi wa chuo

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama, niko Kondoa. Binti yangu amechaguliwa Chuo Kikuu cha Dodoma kusoma shahada ya takwimu. Nimeuza alizeti, nikatenga laki sita na nusu ya kompyuta mpakato yake. Kuna winga hapo Dodoma mjini ametutumia picha za mashine mbili, zote mtumba. Ya kwanza ni HP EliteBook 840 G1, Core i7-4600U ya 2.1GHz, RAM 16GB, diski ya kawaida ya 1TB, kwa 580,000. Ya pili ni HP EliteBook 840 G5, Core i5-8350U ya 1.7GHz, RAM 8GB, SSD ya 256GB, kwa 650,000. Yeye anasisitiza i7, anasema i5 ni ya watoto wa sekondari, na kwamba fundi wake atatupigia Windows 11 na programu zote za chuo bure. Mimi naona kila namba ya ile ya kwanza ni kubwa, na bei yake ni ndogo. Nichukue hiyo?

JIBU: Hapana, mama. Chukua ya pili, tena baada ya kuikagua kwa namna nitakayoeleza huko mbele. Ya kwanza usiichukue hata akikushushia hadi laki nne.

Vyuo vinapokaribia kufunguliwa, wazazi na wanafunzi wa UDOM, Mipango, St John's na CBE wananiletea mashine mezani, na neno la kwanza ni lilelile: "Fundi, hii ni Core i7." Wengine wameuza mbuzi, wengine wametoa bumu lote la kwanza, halafu mashine inachukua dakika nzima kufungua faili la Excel. Wanaamini mashine imeharibika. Haijaharibika, ndivyo ilivyo, na hakuna fundi atakayeibadilisha. Linaniuma kwa sababu pesa iliyotumika mara nyingi ingetosha kununua mashine nzuri.

Jina Core i7 Intel, kampuni inayotengeneza prosesa (ubongo wa kompyuta), walianza kulitumia mwaka 2008. Karibu kila mwaka kinatoka kizazi kipya cha prosesa, na ndani ya kizazi humo ndimo unamokuta i3, i5 na i7. Hizo 3, 5 na 7 zinapanga madaraja ndani ya kizazi kimoja, basi. Chumba cha VIP kwenye gesti moja kinakizidi chumba cha kawaida cha gesti hiyohiyo, lakini VIP ya gesti chakavu isiyotoka maji haishindani na chumba cha kawaida cha gesti mpya iliyo jirani. Anayekuambia "i7" bila kukutajia kizazi hajakuambia kitu.

Kizazi kinasomwa kwenye tarakimu zinazofuata kistari. i7-4600U inaanza na 4, kwa hiyo ni kizazi cha nne, prosesa ya mwaka 2013. i5-8350U inaanza na 8, kizazi cha nane, ya mwaka 2017. Kuanzia kizazi cha kumi soma tarakimu mbili: i5-10210U ni cha kumi, na i5-1135G7 ni cha kumi na moja. Hii ya mwisho nimeona watu wakiikataa dukani wakidhani ni ya kizazi cha kwanza, wakaondoka na i7 ya zamani.

Sasa angalia zilizo mbele yako. Herufi U ya mwisho ina maana prosesa imetengenezwa kwa mashine nyembamba zinazotunza chaji. Katika kundi hilo la U, i5 na i7 zote hadi kizazi cha saba zilikuwa na viini viwili tu vya kufanyia kazi. Kizazi cha nane ndicho kilichopandisha vikawa vinne. Kwa hiyo "i5 ya watoto wa sekondari" ina viini vinne, na i7 ya winga ina viwili.

Hiyo 2.1GHz dhidi ya 1.7GHz ndiyo hila ninayoichukia kuliko zote, kwa sababu namba zenyewe ni za kweli. Ni mwendo wa kuanzia tu. Kazi ikiwa nzito prosesa inajipandisha yenyewe: ile i7 inafika 3.3GHz, hii i5 inafika 3.6GHz. Na hata zingelingana, prosesa ya kizazi kipya inamaliza kazi nyingi zaidi kwa mwendo uleule. GHz za vizazi viwili tofauti hazilinganishwi, na muuzaji anayezilinganisha mbele ya mteja ama hajui kazi yake ama anajua anachofanya.

Kuhusu diski, 1TB ni kubwa kweli, lakini diski ya kawaida ina sahani inayozunguka na kichwa kinachotafuta data huku na huku, na Windows za siku hizi zinaomba vitu vidogovidogo vingi kwa wakati mmoja. Hapo ndipo mashine inapoganda. SSD haina kinachozunguka, inajibu papo hapo, na haiumii kirahisi binti akirukaruka nayo kwenye daladala. Notsi, kazi za darasani na programu zake zitaenea vizuri kwenye 256GB. RAM nayo, yaani meza ambayo kompyuta inaweka kazi inazozifanya sasa hivi, hata ikiwa 16GB haiiokoi prosesa ya viini viwili. Kwa takwimu RAM ina maana, maana programu ya R hupakia data yote kwenye RAM, lakini 8GB inatosha kuanzia, na 840 G5 ina nafasi mbili za RAM, hivyo ataongeza akifika mwaka wa tatu na data zikiwa kubwa.

Nije kwenye hiyo Windows 11 ya bure, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia bila kujua.

Microsoft walisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa prosesa za Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, ukiacha chache sana, na inadai pia kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Mashine ya kizazi cha nne haimo. Fundi anayekupigia Windows 11 humo amezima ukaguzi huo kwa ujanja. Itawaka, itapendeza, na utamlipa. Lakini Microsoft hawajiwajibishi kuipelekea masasisho mashine ya namna hiyo, na siku sasisho kubwa likigoma binti atarudi kwa fundi, na fundi atatoza tena.

Na "programu zote bure" ni nini? Ni programu zilizovunjwa kufuli. Angalia fundi anavyofanya: kitu cha kwanza anazima antivairasi, kwa sababu anachotaka kukipachika kingezuiwa. Akiondoka, kilichopachikwa kinabaki. Vingi vya aina hiyo vinabeba virusi vya kuiba nywila. Mwanafunzi huyo anaingia kwenye akaunti ya mkopo, kwenye barua pepe, kwenye mfumo wa matokeo, kwenye benki, kwa kompyuta hiyohiyo. Nimesafisha mashine za wanafunzi ambazo kila fleshi iliyochomekwa ilitoka na virusi, na zikawaambukiza wenzao bweni zima. Halafu mtu yuleyule aliyezipachika anawauzia "dawa" ya kuongeza spidi. Hakuna dawa ya kuongeza spidi. Programu zinazojiita hivyo zinakula RAM na kuleta matangazo.

Tena hakuna haja. R ni ya bure kihalali, RStudio ina toleo la bure, LibreOffice ni ya bure. SPSS na Stata, programu za takwimu za kulipia, binti asinunue wala asivunje kufuli zake. Aulize kwanza idarani wanatumia nini na maabara ya chuo ina nini. Wanaosoma ramani na mipango wana QGIS, ya bure pia.

Ukaguzi sasa. Usinunue kwa picha. Binti aje mwenyewe na mtu anayemwamini, asiwe mtu aliyeletwa na winga.

Stika ya pembeni ya kibodi isiangaliwe kabisa, zinauzwa na kubandikwa. Hata jina la prosesa linaloonekana ndani ya Windows linaweza kuchezewa, na jina la modeli nalo halitoshi, kwa kuwa modeli moja hutoka na prosesa tofauti. Mashine izimwe, iwashwe, aingie BIOS, ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows: kwa HP anabonyeza F10, Dell F2, ThinkPad F1. Asome hapo namba kamili ya prosesa na RAM. Ikidai nywila na muuzaji hana, atoke. Kwenye mashine hizi za maofisini kuchomoa betri ndogo ya ndani hakufuti nywila hiyo, hata fundi akiapa.

Kufuli jingine ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Mashine nyingi za mtumba zilikuwa za makampuni ya nje, na baadhi bado zimesajiliwa kwao. Muuzaji anapiga Windows bila intaneti, kila kitu kinaonekana sawa. Miezi mitano baadaye mwanafunzi anaifuta na kuianza upya akiwa na intaneti, kioo kinamtaka aingie kwa akaunti ya kampuni asiyoijua. Dawa ni moja: Windows isafishwe na ianzishwe upya palepale dukani, ikiwa imeunganishwa na intaneti ya simu yake. Inachukua muda. Asubiri.

Kisha betri. Afungue dirisha la amri (Command Prompt), aandike powercfg /batteryreport, itatengeneza ripoti. Alinganishe uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wa sasa ikijaa. Ikiwa imebaki nusu, apunguziwe bei au ibadilishwe, kwa sababu umeme ukikatika usiku wa kuamkia mtihani betri ndiyo itakayombeba. Afya ya SSD inaonekana kwa programu ndogo ya CrystalDiskInfo, ije kwenye fleshi yake mwenyewe. Ajaribu kila herufi ya kibodi, matundu yote ya USB, Wi-Fi, kamera na spika. Na asikilize feni: kwa vumbi letu la Dodoma feni inayokwaruza leo itakuwa imeziba kabla ya mwaka kuisha, kwa hiyo asafishiwe kabla ya kulipa.

Ukipata mtu wa kukukopesha elfu hamsini usiongeze kwenye mashine, nunua begi lenye zipu nzima na kifaa cha kuhifadhia nakala za faili za binti nje ya kompyuta.

Usimlipe winga mkononi wala kwa simu kabla ya mashine kuonekana. Winga hana duka. Mashine ikigoma kesho hana pa kutafutwa. Lipa dukani, dai risiti ya EFD, na namba ya utambulisho (serial number) iliyo chini ya mashine iandikwe kwenye risiti hiyo au kwenye karatasi yenye muhuri wa duka, pamoja na siku za dhamana. Karatasi hiyo inamlinda binti pia siku mtu akija kudai kwamba mashine iliibwa. Muuzaji akikataa kuiandika namba hiyo, msinunue kwake, hata kama kila kingine kimepita.