Nyumba iko Chanika, kazi iko Upanga

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, nimeolewa miaka tisa, tuna watoto wawili. Mkubwa yuko darasa la pili. Tumepanga Sinza, kodi 350,000 kwa mwezi, tunalipa miezi sita sita. Mimi ni muuguzi, hospitali yetu iko Upanga. Zamu ya asubuhi naingia saa 1:30, na wiki nyingine nalala kazini. Mume wangu ana gereji yake Gongo la Mboto. Tumejenga Chanika, nyumba imeezekwa ila haina plasta, haina dari, na madirisha bado ni matundu. Kodi inaisha mwishoni mwa Mei. Mume anasema tusilipe tena, tuhamie hivyo hivyo, tutamalizia tukiwa ndani. Nikisema ni mbali ananijibu kwamba nimezoea mambo ya Sinza. Mawifi zangu wameshalipeleka kwenye grupu la familia, eti nadharau kwangu. Nihame au nikatae?
Mama Wawili, Sinza"

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta jambo moja, sikuliona. Zile wiki unazolala kazini, watoto watalala na nani huko Chanika, kwenye nyumba yenye matundu ya madirisha? Hukuandika, na nahisi hukuandika kwa sababu wewe na mumeo hamjawahi kulizungumza. Mmeng'ang'ania jina la mtaa. Kinachowagombanisha hasa ni nani atakayeibeba hiyo barabara kila siku, na mpaka sasa jibu linaonekana ni wewe.

Kabla sijaendelea, nimpe mumeo haki yake. Laki tatu na nusu mara miezi 12 ni 4,200,000 kwa mwaka. Hiyo ni saruji, ni mchanga, ni siku nyingi za fundi, na yote inaishia mfukoni kwa mwenye nyumba wa Sinza ambaye mwakani atapandisha. Mwanaume anayeamka usiku akipiga hesabu hiyo si mkorofi. Tena hayuko peke yake. Sensa ya 2012 ilihesabu Dar es Salaam watu 4,364,541, ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Zaidi ya watu milioni moja wameongezeka kwa miaka kumi, na hawakuongezeka Kariakoo. Wako Chanika, Chamazi, Kivule, Goba, Madale, Kibada, kwenye nyumba kama yenu, wengi wao walihamia kabla ya plasta.

Lakini sikiliza hesabu nyingine, ambayo mumeo hakuipiga kwa sababu haimgusi. Kutoka Chanika mpaka gereji yake ni kupita Pugu tu, pikipiki yake inamfikisha chai haijapoa. Atapunguza safari. Wewe leo unatoka Sinza, Shekilango unapanda mwendokasi, unashuka Fire, unamalizia kwa mguu. Ukihamia Chanika, gari la kwanza ni la kukutoa huko, la pili ni la kukuingiza mjini, na kabla ya yote mawili kuna bodaboda ya kukutoa nyumbani mpaka barabarani. Boda ya saa kumi na nusu alfajiri haina bei ya mchana, na si kila dereva wa saa hiyo utapenda kukaa nyuma yake. Utasikia watu wakisema mwendokasi wa Barabara ya Nyerere utamaliza shida. Njia ile mwisho wake ni Gongo la Mboto. Inaishia kwenye gereji ya mumeo, mwanangu, haifiki kwenu.

Nami nimehama hivyo hivyo, kwa hiyo sisemi ya kuambiwa. Tulihamia upande wa Tegeta enzi hizo ukisema Tegeta watu wanakuuliza kama unakwenda shamba. Nyumba haikuwa na dari. Mvua ikinyesha juu ya bati hamsikilizani mezani. Kandambili zangu za tope nilikuwa naziacha kwa mama ntilie wa kituoni, navaa viatu vya kazi, jioni nabadilisha tena. Hayo niliyazoea, hata leo nayacheka. Ambalo sikulizoea ni kwamba niliwajua makondakta kuliko majirani. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alifiwa na mama yake, nikaja kujua siku wanaanua matanga. Nilikuwa natoka giza narudi giza. Mtaa mzima ukaniona nina maringo, na hakuna mahali pa kwenda kujieleza kwamba si maringo, ni foleni ya Mwenge.

Na ujihadhari na ushuhuda wa waliokwisha kujenga. Aliyejenga mbali anasifia kwake hata kama gari linalala barabara kuu miezi miwili ya masika. "Hapa kwetu upepo mzuri." "Lami inakuja, tumeshapimiwa." Simlaumu, pesa yake yote iko pale, atasema nini?

Sasa, kuna watu waliofundishwa somo hili kwa uchungu. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, waathirika wa Jangwani na mabonde mengine ya jiji walipewa viwanja Mabwepande. Viwanja halali, juu, pakavu. Bado wapo waliorudi bondeni, kwenye maji yale yale, kwa sababu riziki yao ilikuwa Kariakoo na nauli ilikuwa inaila yote. Sikutishi. Nakuonyesha kwamba kiwanja kizuri hakimtoshi mtu ambaye kazi yake haikuhama naye.

Kwa hiyo usikatae Chanika. Ukikataa Chanika, umewapa mawifi maneno ya mwaka mzima, na tena si haki, ile ni nyumba yenu. Kataa Juni.

Nenda kwa mumeo na hesabu ya miezi. Mkilipa miezi sita mingine kuanzia Juni, kodi inaisha mwisho wa Novemba, shule zinafunga, na Januari mtoto anaanza darasa la tatu shule mpya tangu siku ya kwanza. Mkihama Mei mnamkatisha katikati ya mwaka. Ndani ya miezi hiyo sita mnafanya mambo matatu tu pale Chanika: madirisha yenye nondo, chumba kimoja cha kulala kilichokamilika, na choo. Dari, rangi na vigae vya sebuleni ni vya kuwaonyesha wageni, vitasubiri.

Kama pesa ya Sinza haitoshi kwa kodi na ujenzi kwa pamoja, iko njia ya katikati, nami ndiyo ninayoipenda zaidi. Tafuteni vyumba viwili Ukonga, au Tabata Segerea. Ukonga mumeo yuko karibu mno na gereji, wewe uko kwenye barabara inayokwenda mjini moja kwa moja, na kodi mara nyingi iko chini ya ya Sinza. Tofauti ya kodi inakuwa mifuko ya saruji. Ubaya wake ni kwamba mtahama mara mbili, na dalali atakula kodi ya mwezi mmoja kama kawaida yao. Kama mtoto atasoma Ukonga halafu ahame tena mwakani, basi njia hii iache, baki Sinza mpaka Novemba. Mtoto msimrushe kama mpira.

Lakini kabla hujasema lolote, bahati yako barua umeiandika Aprili, mvua iko juu. Mna ndugu Chanika? Mawifi zako, hao hao wa kwenye grupu, yupo anayekaa huko? Mwombe akupokee usiku tatu za wiki ya kazi. Kwanza utajionea mwenyewe barabara ya mtaani kwenu ikiwa chini ya maji, na hiyo kiangazi haionyeshi. Pili utawauliza majirani maswali ambayo dalali hakuwajibu: maji ya bomba yanatoka siku ngapi kwa wiki, ya kisima yana chumvi au hayana, usiku ukiugua unakwenda wapi. Tatu, wifi yako atakuona ukiamka saa kumi. Nakuhakikishia grupu litapoa.

Andika saa uliyotoka na saa uliyofika, siku zote tatu. Mwanaume wa gereji anaamini vipimo. Ukimwambia "ni mbali", anasikia unadeka. Ukimwekea karatasi mezani yenye "nimetoka saa 10:25, nimefika saa 1:40, nimechelewa zamu", hapo mna kitu cha kuzungumza.

La mwisho ulilitaja nusunusu: "tumejenga". Karatasi za mauziano zina jina la nani? Kama pesa yako imo kwenye tofali zile, jina lako nalo liwemo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, ila mwenye jina kwenye karatasi hulala usingizi mzuri zaidi. Na muulize kama kiwanja kimepimwa, au mna karatasi ya serikali ya mtaa peke yake. Waliobomolewa kando ya Barabara ya Morogoro mwaka 2017, kutoka Kimara kwenda Kiluvya, walikuwa na nyumba zilizokwisha plasta na rangi. Nendeni ofisi ya ardhi mkaulize kabla hamjaongeza mfuko mwingine wa saruji. Hili lifuatilieni pamoja, msaidiane kuuliza, usilifanye silaha.

Na zile asubuhi tatu za Chanika mwambie mumeo naye alale huko kwa dada yake, akusindikize kwa miguu mpaka kituoni, hiyo saa kumi na nusu, na mvua ikiwepo. Pikipiki aiache nyumbani.