Joto la tofali halifiki kwenye ini

Swali: Shikamoo Daktari. Mama yangu, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga, alipasuliwa saratani ya utumbo mpana miaka 2 iliyopita. Sasa kipimo cha CT kimeonyesha uvimbe mmoja wa sentimita 2.4 kwenye ini, na daktari ametaja kuuunguza kwa joto. Mama mdogo anamjua mganga anayekanda ubavu kwa tofali la moto na majani ya mnyonyo kwa siku 21, bila sindano. Je, si joto lile lile?

Jibu: Marahaba. Si lile lile hata kidogo. Daktari wenu anazungumzia sindano ndefu inayopenyezwa hadi katikati ya uvimbe, mgonjwa akiwa amepewa dawa ya usingizi na picha za altrasaundi au CT zikiongoza ncha yake; hapo mawimbi ya redio au ya mikrowevu hupandisha joto kupita nyuzi 60, ambapo seli hufa papo hapo, na huunguza pia ukanda wa ini lisilo na ugonjwa unaouzunguka uvimbe, kwa kuwa chembe zisizoonekana zikiachwa ugonjwa huota tena palepale. Hata sindano hiyo huweza kushindwa uvimbe ukipakana na mshipa mkubwa, maana damu inayopita huchukua joto lake.

Sasa tofali litafika wapi? Nyuzi 50 kwa dakika chache zinatosha kuunguza ngozi, ilhali ini lililo chini ya mbavu hubaki na joto lake la kawaida. Nilimpokea mzee mmoja akiwa na kidonda cha pembe nne ubavuni, kinatoa usaha na kunuka mafuta, mahali hasa tulipotaka kupitisha sindano. Tulisubiri kipone. Kilipopona, uvimbe ulikuwa umepita sentimita 3.

Kipimo hicho kina uzito: utafiti wa COLLISION, ulioongozwa na madaktari wa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2025, ulionyesha kuwa kwa uvimbe usiozidi sentimita 3 wa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa hadi kwenye ini, kuunguza hakukuwa duni kuliko upasuaji. Mama yenu bado yumo ndani ya mpaka huo, kwa hiyo ombeni rufaa wiki hii, na muulize kama atahitaji tibakemikali.

Wanaowatisha wagonjwa kwamba sindano hutawanya saratani, kisha wakawauzia mikanda ya umeme na mafuta ya kukandia, watakiwe kuonyesha picha za CT za kabla na baada ya tiba yao. Asiyekuwa nazo asipewe hata siku moja ya mgonjwa.