Ukitaka kuandika historia ya mji mdogo, anza na mto: niliyoyapata Višegrad

Wiki iliyopita makala yangu ya Višegrad, mji mdogo wa Bosnia, imekubaliwa na jarida moja la huku Vienna, itatoka kwa Kijerumani na jina langu juu kabisa, na tangu nimetoa habari hiyo mesej haziishi. Wengi mnanipongeza, ahsanteni sana. Ila kuna mesej ya dada mmoja wa Mombasa ndo imenikalisha niandike hii, kasema: "Kaka, na mimi nataka kuandika historia za miji midogo isiyo na msemaji, lakini digrii ya historia sina, naanzia wapi?"

Dada yangu, anza na mto. Nitalirudia hili mpaka mnichoke.

Kwanza nitoe lililo rohoni. Kuna mhariri mmoja, simtaji, nilimpelekea wazo la Višegrad akanijibu kwa mistari miwili, kwamba mtu kama mimi nitasomwa zaidi nikiandika mambo ya "kwenu", mbuga na fukwe. Iliniuma na mpaka leo bado inaniuma. Wao wamekuja Kilwa, wamekuja Bagamoyo, wameandika vitabu na hakuna aliyewauliza kwenu ni wapi. Mimi mtoto wa Tanga nikiuliza swali la Bosnia nageuka kituko? Kwa hiyo ujue kabisa, kama unataka kuingia kwenye kazi hii kuna mtu atakuambia hayakuhusu. Usimjibu, nenda kaandike.

Haya, safari ya basi naiacha, mambo ya viza angalieni wenyewe kwa sababu yanabadilika, tuingie kwenye mji wenyewe.

Višegrad iko mashariki ya Bosnia, karibu na mpaka wa Serbia, pale mto mdogo wa Rzav unapoingia Drina. Drina yenyewe inaanzia Šćepan Polje, mpakani na Montenegro, pale mito ya Tara na Piva inapokutana, inateremka kaskazini kilomita 346 mpaka inaingia Sava, na Sava inakwenda kuishia kwenye Danube pale Belgrade. Sasa tazama ramani kwa makini, sehemu kubwa ya njia ya huko juu ni makorongo matupu, milima imeubana mto huku na huku, hakuna pa kulima wala pa kuvuka kirahisi. Pale Višegrad milima inaachia kidogo, unapata kiuwanda na vijito. Na njia ya kutoka Sarajevo kwenda Istanbul ilikuwa lazima ivuke Drina mahali, basi ikavukia pale. Sababu ya mji kuwepo ndo hiyo, na hujafungua bado kitabu hata kimoja cha historia! Mimi nilikaa na ramani kwanza, siku nzima, nikifuata ule mstari wa buluu kwa kidole.

Ukishaelewa kivuko ndo utaelewa daraja. Lilijengwa kati ya 1571 na 1577 kwa amri ya Mehmed Paša Sokolović, Waziri Mkuu wa dola ya Ottoman, na fundi wake ni Mimar Sinan, yule yule wa misikiti mikubwa ya Istanbul. Huyu Mehmed kwao ni Sokolovići, karibu na Rudo, sio mbali na hapo, kwenye familia ya Kikristo. Alichukuliwa angali kijana kwenye ule utaratibu wa dola kukusanya watoto wa Kikristo wa Balkani, wakasilimishwa na kufundishwa jeshi na utawala, na akapanda mpaka 1565 akashika uwaziri mkuu, akawatumikia masultani watatu, Suleiman, Selim wa Pili na Murad wa Tatu, hadi alipouawa 1579. Mtu wa cheo hicho angeweza kujenga daraja popote kwenye dola iliyofika Hungary na Misri, na akalijenga jirani na kijiji alikotolewa. Mimi nilipolijua hilo ndo nikajua nina makala.

Daraja lina urefu wa mita 179.5, matao 11, na upande wa kushoto wa mto njia ya kupandia inakunja ghafla kama kiwiko, ikiwa na matao yake mengine manne. Mawe yake ukiyasogelea utaona yana vitundu vitundu, ni mawe ya chokaa yaliyojengeka kwenye chemchemi, na yalichimbwa Višegradska Banja, kilomita chache kutoka hapo (shikeni jina hilo). Katikati daraja linatanuka, upande mmoja kuna baraza la mawe, baraza kabisa kama letu la kukaa na kuzungumza, na upande wa pili kuna ukuta wenye mashairi yaliyochongwa kwa Kituruki cha zamani, herufi za Kiarabu. Mimi nimesoma chuo cha Kurani Tanga kwa mwalimu mkali, kwa hiyo nikasimama pale nazifuata herufi moja moja, lugha siijui ila jina la Mehmed nikalipata, na wazee waliokaa barazani wakasogea kuniangalia, mmoja akaniwekea kidole chake kwenye jiwe kunionyesha mstari unaofuata. Nilijisikia nina haki ya kuwa pale kuliko yule mhariri.

Hapo katikati kuna karne nyingi, nazipitia haraka. Novemba 1896 Drina ilifurika ikapita juu ya daraja, na daraja likabaki. Austria-Hungary walikuwa wameshaichukua Bosnia tangu 1878, na 1906 wakaleta reli ile nyembamba, upana wa sentimita 76, kutoka Sarajevo. Ivo Andrić, aliyepata Nobel ya fasihi 1961, alilelewa hapo, na riwaya yake juu ya daraja ndo iliyoupa mji jina duniani, mkaisome. Vita vya kwanza vya dunia vilivunja matao matatu, vya pili vikavunja matano, yakajengwa tena. UNESCO waliliingiza kwenye orodha yao 2007. Wageni wengi wanaishia hapo, wanapiga picha, wanakula, wanaondoka.

Usiishie hapo. Rudi kwenye mto.

Mto una mabwawa mawili ya umeme ambayo lazima uyajue. La juu ya mji ni la Višegrad, lilianza kazi 1989, na hapo kwenye kizuizi ndo yanajikusanya yale matakataka ya chupa na mapipa yanayoletwa na mvua za kipupwe kutoka Montenegro, Serbia na Bosnia yenyewe, unaweza kuyaona kwenye habari kila mwaka. La chini ni la Bajina Bašta, upande wa Serbia, la 1966, na ndo limetengeneza ziwa refu la Perućac nyuma yake. Kwenye daftari langu nilikuwa nimeandika "Perućac, ziwa, umeme" nikidhani ni jiografia tu.

Sensa ya 1991 wilaya ya Višegrad ilikuwa na watu zaidi ya 21,000, na karibu theluthi mbili ni Wabosnia Waislamu. Masika ya 1992 vita vikaingia. Watu walichukuliwa majumbani wakauawa, wengi juu ya daraja lile lile na kutupwa mtoni. Tarehe 14 Juni watu zaidi ya 50, wanawake, wazee na watoto, walifungiwa kwenye nyumba ya mtaa wa Pionirska wakachomwa moto. Mahakama ya The Hague ya uhalifu wa vita ilimhukumu Milan Lukić, kiongozi wa wanamgambo wa Kiserbia, kifungo cha maisha 2009 na rufaa yake ikakataliwa 2012. Misikiti ikabomolewa. Sensa ya 2013 ilikuta watu kama 10,600, na Wabosnia Waislamu walikuwa kama mmoja katika kumi.

Halafu 2010 bwawa la Bajina Bašta likahitaji matengenezo, maji ya Perućac yakashushwa, na matope yalipoonekana watafutaji wakaingia, na wakatoa mabaki ya watu zaidi ya 100. Drina ilikuwa imewateremsha kutoka Višegrad na ziwa likawashika miaka 18. Mnaona sasa kwa nini nasema mto? Kama ningeanza na wafalme na tarehe, bwawa ningeliruka, na ningekosa jambo kubwa kuliko yote kwenye mji ule.

Ukienda, panda makaburi ya Waislamu ya Stražište. Kuna jiwe la kumbukumbu ambalo lilikuwa na neno mauaji ya kimbari, na Januari 2014 maofisa wa mji walikuja na polisi wakalichonga neno hilo litoke. Wanawake waliofiwa wakaja wakaliandika upya kwa lipstiki. Mimi nilipeleka mkono pale palipochongwa, jiwe limekwaruzwa, halina ulaini wa pembeni yake. Nenda na wewe upaguse. Mwandishi wa miji midogo asiyepanda makaburini asitusumbue na picha zake za machweo.

Kwa hiyo vijana, ushauri ni huu. Mto kwanza. Uliza unatoka wapi, unavukwa wapi, nani kalipia kivuko, nani kauzuia maji. Uliza nani alikuwa anaishi hapa na hayupo. Digrii sio lazima, mimi sina ya historia, nina ya usimamizi wa hoteli na nimewapita wenye nazo. Ramani sio lazima ununue, zipo bure kwenye simu yako hiyo unayomalizia bando kwa umbea. Soma hukumu za mahakama, zipo wazi mtandaoni, ndefu na zinachosha, soma hivyo hivyo. Na mto kwanza, nimesema.

La mwisho ni la malazi kwa sababu wengi mmeuliza. Mkitafuta hoteli mtakutana na Vilina Vlas, iko kwenye msitu wa misonobari huko Višegradska Banja, kwenye chemchemi za maji moto, kule kule yalikotoka mawe ya daraja, bei yake nafuu. Mwaka 1992 wanaume wenye silaha waliwafungia humo wanawake na wasichana wa Kibosnia, wakawabaka, na wengi hawakutoka hai. Leo ni hoteli ya mapumziko, watu wanaogelea. Msilale pale. Tafuteni chumba mjini kwa wenyeji, vipo, na kama ni ghali punguzeni siku.