Maswali ya Wasomaji: Alama 47 za Maadili na Sahani Isiyooshwa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko darasa la nne katika shule ya kulipia hapa Morogoro. Muhula uliopita alipata alama 47 kati ya 50 katika mtihani wa maadili, akapongezwa mstarini mbele ya shule nzima. Wiki hiyohiyo nilimsikia akimwambia dada anayetusaidia kazi za nyumbani, "Ondoa sahani yangu, kwani wewe unalipwa kwa kazi gani?" Jirani ananishauri niende shuleni niwaombe walimu wamchape. Je, shule inawafundisha nini hasa watoto wetu?
Mama mzazi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Alama hizo sina shaka nazo. Mwanao akiulizwa kama inafaa kumdharau mtu kwa sababu ya kazi yake, ataandika kwamba haifai, na mwalimu atamwekea vema. Somo hili limebadilishwa jina mara kadhaa: wazazi wetu walisoma Siasa, baadaye likaja Uraia, kisha Uraia na Maadili, na katika mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 tunalo somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Majina yamepita, lakini kipimo kimebaki kalamu na karatasi. Sisemi somo lifutwe, kwa kuwa mtoto anapaswa kujua Bunge hufanya nini na Katiba inampa haki zipi. Nasema tu kwamba heshima kwa watu haipatikani katika vipindi hivyo vichache vya wiki, bali katika namna siku nzima ya shule inavyoendeshwa.

Kwa hiyo nami nakuuliza: darasa la mwanao hufagiliwa na nani? Katika shule nyingi za kulipia kazi hiyo ina watu wake walioajiriwa, na mtoto huwapita kila asubuhi bila hata kuwaamkia, wala hakuna mwalimu anayemrudisha nyuma akawaamkie. Akifika nyumbani humtendea dada yenu kama alivyozoea kuwatendea wale wa shuleni. Katika shule za serikali watoto huja na fagio la chelewa, hupangiwa zamu, hufagia uwanja na kumwagilia bustani kabla ya kengele ya mstarini. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967, alilalamika kwamba elimu tuliyorithi ilikuwa ikimtenga msomi na watu wake na kumfanya aone kazi ya mikono haimhusu, akataka kila shule iwe jumuiya inayofanya kazi na kula matunda ya kazi yake.

Hata hivyo tusizisifu mno shule zenye mafagio. Ziko shule ambako aliyechelewa hupewa kudeki darasa, aliyepiga kelele hupelekwa kusafisha vyoo, na kiranja husimama pembeni na orodha yake ya majina. Mtoto anayekutana na ufagio wa chooni siku ya adhabu tu hujifunza kwamba anayesafisha ni mkosaji, na hapo shule imebomoa kwa mkono mmoja kile ilichokijenga kwa mwingine. Zamu hulea pale tu inapomgusa kila mtu, kiranja mkuu akiwamo, na pale mwalimu anapoinama mwenyewe kuokota karatasi iliyoangushwa na mwingine.

Kuhusu ushauri wa jirani, naomba usiufuate. Kanuni za mwaka 2002 zinataka kiboko kitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, visizidi vinne, na adhabu iandikwe katika daftari maalumu. Wenzetu wa Kenya waliondoa viboko shuleni tangu 2001. Sasa fikiria mtoto anayemwona mwalimu wa zamu akichapa darasa zima kwa sababu ya kelele za wawili, bila idhini wala daftari. Amefundishwa uraia siku hiyo, na somo lenyewe ni kwamba sheria huwafunga wadogo tu. Isitoshe, mwanao alimdharau mtu aliye chini ya mamlaka yake. Kumpiga na mtu aliye juu yake hakutamwonyesha kosa lake liko wapi.

Anza na sahani: aioshe mwenyewe kuanzia leo, na dada huyo aamkiwe asubuhi kama wanavyoamkiwa wakubwa wengine wa nyumba. Ninyi wazazi mtangulie, maana huenda sauti ile aliyoitumia hakuitoa shuleni. Halafu kikao cha wazazi kikifika, usiulize wastani wa darasa peke yake; uliza kama watoto wana zamu, na kama wale wafanya usafi wanajulikana kwa majina.

SWALI: Mwanangu wa kidato cha pili aligombea uongozi wa wanafunzi. Kura zilipigwa, lakini jioni mwalimu akatangaza majina mengine, akisema uongozi wa shule ndio unaojua nani anafaa. Mtoto amekata tamaa. Nimwambie nini?
Baba, Tanga

JIBU: Mwambie kwamba ana haki ya kusikitika. Shule ina mamlaka ya kuwachuja wagombea kabla ya kura, kwa vigezo vilivyotangazwa, na ingeweza hata kuwateua viongozi waziwazi bila uchaguzi wowote, jambo ambalo lisingewadanganya watoto. Kuwapanga mstari, kuwapa karatasi za kura na kisha kuyaweka matokeo kando ndilo kosa, kwa sababu wengi wao watafikisha umri wa kupiga kura baada ya miaka michache tu, na tayari watakuwa wamejiaminisha kwamba karatasi ile haina kazi. Nenda kamwone mkuu wa shule kwa adabu, wala usidai mwanao arudishiwe cheo. Omba kitu kimoja: uchaguzi ujao kura zihesabiwe mbele ya wanafunzi wenyewe, na hesabu iandikwe ubaoni palepale kabla mtu hajaondoka.