Makala Inapoondolewa Kwenye Kanzidata: Ushauri kwa Wakutubi na Watafiti

Katika kazi yangu ya ukutubi chuoni, watafiti wanaotumia magazeti ya zamani ya Marekani huniuliza mara kwa mara kwa nini kanzidata (hifadhi ya maandishi ya kielektroniki) tunayoilipia kila mwaka huonyesha kichwa cha makala, tarehe na ukurasa, lakini wakibonyeza ili wasome hukuta sentensi moja tu isemayo kwamba maandishi yameondolewa kwa sababu za hakimiliki. Wengi hudhani mtandao una hitilafu, kumbe chanzo chake ni kesi.

Mwaka 1993 Jonathan Tasini, aliyekuwa rais wa National Writers Union, chama cha waandishi cha Marekani, pamoja na waandishi wenzake wa kujitegemea, waliwashtaki The New York Times na wachapishaji wengine, kwa kuwa makala walizouza zichapwe kwenye karatasi zilikuwa zimeingizwa katika kanzidata ya LEXIS/NEXIS na katika CD-ROM bila ridhaa yao wala malipo ya ziada. Tarehe 25 Juni 2001, Mahakama ya Juu ya Marekani iliwapa ushindi kwa kura 7 dhidi ya 2. Jaji Ruth Bader Ginsburg alieleza katika hukumu kwamba ndani ya kanzidata kila makala husimama peke yake, imetengwa na toleo lililoibeba, na mchapishaji hana haki ya kuitoa hivyo bila idhini ya mwandishi. Maikrofilimu, yaani filamu yenye picha ndogo za kurasa, haikuguswa, kwa sababu humwonyesha msomaji ukurasa mzima kama ulivyochapwa.

Baada ya hukumu, The New York Times lilisema litaondoa makala zipatazo 115,000 za kuanzia mwaka 1980 hadi 1995. Ni hasara kubwa, na wapo wakutubi wanaowalaumu waandishi kwa hilo. Mimi siwalaumu hata kidogo. Aliyeuza kazi ya mtu bila kumwomba ndiye aliyeleta pengo, na American Library Association, chama cha maktaba cha Marekani, chenyewe kiliwaunga mkono waandishi mbele ya mahakama hiyo.

Kwa hiyo, ushauri wangu wa kwanza kwa maktaba ni kutotupa maikrofilimu wala majuzuu ya karatasi kwa kuwa tu tangazo la kanzidata linaahidi maandishi kamili. Niliwahi kumsaidia mwanafunzi wa uzamili aliyekuwa akihesabu makala za safari kuhusu Afrika Mashariki katika magazeti ya miaka ya 1980. Tulipolinganisha filamu na kanzidata, ukurasa kwa ukurasa, habari za waandishi walioajiriwa zilikuwapo karibu zote, ilhali kurasa za safari na za uhakiki wa vitabu, ambazo kwa kawaida hutegemea waandishi wa kujitegemea, zilikuwa na mapengo mengi. Angeandika tasnifu yake kwa kutegemea kanzidata peke yake, angehitimisha kwamba magazeti hayo yaliipuuza sehemu hii ya dunia, na hitimisho hilo lingekuwa la uongo.

Pili, usomeni mkataba kabla ya kulipia. Kifungu kinachompa muuzaji ruhusa ya kuondoa maandishi hakikosekani, na ni haki yake kukiweka, kwani naye anaweza kushtakiwa. Kinachofaa kudaiwa ni taarifa ya maandishi kila maudhui yanapoondolewa, pamoja na punguzo la ada iwapo kilichoondolewa ni kingi. Maktaba moja ikidai hayo peke yake haisikilizwi sana. Nchini Tanzania na Kenya, ambako maktaba nyingi za vyuo hujadiliana na wauzaji kupitia miungano ya maktaba ya COTUL (Tanzania) na KLISC (Kenya), hoja hii ipelekwe huko, tena mapema, kabla bei haijakubaliwa.

Kwa mtafiti, katika sura ya mbinu taja jina la kanzidata na tarehe uliyotafuta, kisha eleza iwapo uliyalinganisha matokeo na karatasi au filamu, kwa sababu atakayerudia utafutaji huo baada ya miaka mitano huenda akapata idadi tofauti na yako.